Uvimbe Ubavuni mwa Mtoto: Mwongozo kwa Mzazi wa Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Uvimbe wa ukuta wa kifua kwa mtoto mara nyingi hugunduliwa na mama kabla ya daktari. Anamwogesha, anampaka mafuta, mkono unapita ubavuni na kukuta kitu kigumu ambacho upande wa pili hakipo. Kuanzia hapo kila mtu ana jina la kukipa. Jirani atasema jipu. Bibi atasema kichomi. Muuza duka la dawa atatoa amoksilini ya siku 5. Mwongozo huu ni wako wewe uliyesimama hapo, uwe Ujiji au Gungu, uwe Kagunga mpakani na Burundi, au uwe Kalya kule kusini ambako kufika Kigoma mjini ni shauri la boti na hali ya ziwa.

Neno langu kubwa nilitoe mapema. Saratani ya mbavu hutibiwa Mwanza na Dar es Salaam, lakini sehemu kubwa ya kupona au kutopona huamuliwa huku mwambaoni: siku mtoto anapopelekwa hospitali, usiku anaposhikwa na homa katikati ya tiba, na mwezi ule uvimbe unapoyeyuka na ukoo ukaona hakuna haja ya kutoa nauli tena.

Kipi cha kuogopa na kipi si cha kuogopa

Vivimbe vingi vya kifuani kwa watoto si saratani. Mbavu hazilingani kila mara. Gegedu inayounganisha ubavu na kidari yaweza kujitokeza upande mmoja tu ikaonekana kama nundu, na mtoto akaishi nayo mpaka uzee. Ubavu uliovunjika mtoto alipoanguka kutoka mwembeni huunga kwa kuacha kifundo kigumu. Kichanga aweza kuwa na uvimbe wa mishipa ya damu, mwekundu au wa rangi ya bluu. Viko pia vinundu vya mfupa visivyo na madhara makubwa, ambavyo hukua pamoja na mtoto na kukoma anapokoma kurefuka.

Jambo moja nilisisitize kwa wenye mabinti. Msichana wa miaka 8, 9 au 10 anapoanza kuota matiti, mara nyingi huanza upande mmoja: kitufe kigumu chini ya chuchu, kinachouma kikiguswa. Mtu akitaka kukitoa ili kikachunguzwe, kataa kwanza na utafute daktari wa pili, kwa kuwa kitufe hicho ndicho titi lenyewe. Kikikatwa, halitaota jingine.

Cha kuogopa ni uvimbe unaokua wiki hadi wiki. Ulio mgumu, umeng'ang'ania mfupa na hausogei ukiusukuma. Unaozidi sentimita 5. Unaomwamsha mtoto usiku kwa maumivu. Au unaokuja pamoja na kupungua uzito, homa zisizoeleweka na pumzi fupi. Dalili moja kati ya hizo yatosha kukupeleka hospitali wiki hiyo hiyo. Na mtoto mwenye uvimbe mgongoni au ubavuni akianza kuburuza miguu, au akashindwa kukojoa, hiyo ni dharura ya siku ileile. Uvimbe umeshafika kwenye uti wa mgongo, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa miguu kurudi.

Kati ya makundi hayo mawili kuna kifua kikuu, nacho ndicho kinachochanganya zaidi huku kwetu. Bakteria wa TB wakiingia kwenye ubavu huleta jipu lisilo na joto, laini, linalokua polepole. Upande wa pili, baadhi ya saratani za kifua humwaga maji kwenye utando wa pafu, huleta homa na kukondesha, hata picha ya eksirei ikafanana kabisa na ya TB. Mwaka 1979, daktari wa patholojia Frederic Askin na wenzake nchini Marekani walieleza wagonjwa 20, watoto na vijana, wenye saratani ya namna hiyo iliyoanzia kwenye ukuta wa kifua. Leo inahesabiwa katika jamii moja na saratani ya Ewing, nitakayoieleza mbele. Mtoto wa hapa mwenye maji kifuani hupewa kwanza dawa za TB, na silaumu, maana mara nyingi daktari anakuwa sahihi. Lakini kama dawa zimeanzishwa bila vimelea kuonekana kwenye kipimo, tia alama kwenye kalenda. Baada ya wiki 4, kama uvimbe umeongezeka au uzito haujapanda, rudi na uulize kwa adabu na bila woga: "Dokta, kinyama kimechukuliwa?" yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa. Usisubiri dozi yote ya TB iishe.

Kabla kisu hakijagusa

Mtoto asichanjwe chale juu ya uvimbe, wala uvimbe usikandwe kwa maji ya moto, wala usichomwe. Dua ni sawa. Kombe nalo sina ugomvi nalo, mradi limeoshwa kwa maji yaliyochemshwa. Mizizi ya kunywa na kupaka ndiyo ninayoikataa, kwa sababu ini na figo za mtoto huyu zitahitajika zikiwa nzima.

Kuna chale ya pili ambayo watu hawaihesabu kuwa chale: ile ya chumba kidogo cha upasuaji, ambako mtu mwenye nia njema anasema, "Tukitoe tu, tujue ni nini." Uvimbe wa ukuta wa kifua haukatwi kabla haujajulikana jina. Ukikatwa nusu, chembe za saratani humwagika katika nyama za jirani, na daktari bingwa atakayempokea mtoto baadaye atalazimika kukata eneo kubwa zaidi, au kutumia mionzi ambayo pengine isingehitajika. Kinachotakiwa ni kuchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano nene, au kwa mkato mfupi, mahali ambapo mkato mkubwa wa baadaye utapita na kuondoka na kovu lake. Ndiyo maana ni vizuri kinyama kichukuliwe palepale patakapofanyika upasuaji mkubwa, au angalau daktari wa hapa azungumze kwanza na wa kule.

Ikiwa kimechukuliwa Kigoma na wewe ndiye umekabidhiwa kikopo, hakikisha kimo ndani ya fomalini, si kwenye spiriti wala maji ya chumvi, na jina, umri na tarehe vimeandikwa kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko. Majibu yakitoka, omba pia slaidi na bloku yake, yaani vioo na kipande cha nta vilivyobeba kinyama hicho. Ni mali ya matibabu ya mwanao, na hospitali kubwa itataka kuzisoma upya. Jina la ugonjwa likikosewa, dawa zote zinazofuata zimekosewa.

Njia ya kutoka Kigoma

Anzia zahanati au kituo cha afya, lakini usikae hapo. Lengo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ukiwa na barua. Walioko Kasulu na Buhigwe wana hospitali za misheni za Kabanga na Heri, ambazo nazo zaweza kukufikisha mbele. Mkimbizi aliyeko Nyarugusu rufaa yake huanzia hospitali ya kambi, na afuate mlango huo, kwa kuwa ndiko nauli na vibali vinakopatikana. Maweni utapigiwa eksirei na altrasaundi na kupimwa damu. Uliza kama CT ya kifua inaweza kufanyika hapo kabla hujasafiri.

Kutoka hapo njia ni mbili. Ya kaskazini inapita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi hadi Mwanza, Hospitali ya Bugando, yenye madaktari wa saratani na mashine za mionzi. Ya pili ni reli ya kati au basi hadi Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako ndiko kwenye wodi kubwa ya saratani za watoto nchini. Mionzi hutolewa jirani, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ningechagua kwa kuuliza maswali mawili: yuko wapi daktari bingwa wa upasuaji wa watoto au wa kifua aliye tayari kutoa mbavu za mtoto, na una ndugu wapi wa kukaa naye? La pili si dogo. Tiba hii huchukua karibu mwaka.

Fedha zinatisha watu kabla hawajauliza. Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha limeshirikiana na hospitali kwa miaka mingi ili mtoto mwenye saratani atibiwe bila familia kulipa, na limekuwa na malazi kwa wanaotoka mbali. Kila hospitali ya rufaa ina ofisi ya ustawi wa jamii; nenda huko siku ya kwanza, ukiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kabla deni halijaanza kuandikwa. Kitakachobaki juu yako ni nauli, chakula, na watoto ulioacha nyumbani.

Kwa hiyo kaeni kikao cha ukoo kabla ya safari. Waamue nani atakaa na mtoto wodini, nani atalea wengine, na nani mwenye sauti ya mwisho kutia saini ya upasuaji. Kama ni baba naye yuko ng'ambo Kalemie, namba yake ipatikane. Muhimu zaidi, wapange nauli ya kurudi mara nyingi. Mvuvi wa dagaa anapata fedha usiku wa giza na kukaa bure wakati wa mbalamwezi; tarehe za dawa hazifuati mwezi. Mwaka 2024, uvuvi katika ziwa uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nyumba nyingi za mwambao zilikaa bila kipato, na kipindi kama hicho kinatosha kukatiza tiba ya mtoto. Nauli itengwe mapema kama ada ya shule, na ikae kwa mtu asiye na tabia ya kukopwa.

Tiba yenyewe

Duniani kote, saratani mbili ndizo zinazoongoza kwenye ukuta wa kifua cha mtoto. Moja ni saratani ya Ewing, iliyopewa jina la James Ewing wa New York aliyeieleza mwaka 1921. Hupenda mbavu za watoto wakubwa na vijana wanaobalehe, ingawa kwa watu wa asili ya Afrika ni adimu kuliko kwa Wazungu. Ya pili ni rabdomayosakoma, ya msuli, ambayo huwapata zaidi walio chini ya miaka 10. Limfoma nayo yaweza kujitokeza ukutani mwa kifua, nayo hutibiwa kwa dawa bila kukata. Hii ni sababu nyingine ya kutokimbilia kisu.

Ewing na rabdomayosakoma hufuata mpango wenye hatua tatu: dawa kwanza, kisha upasuaji au mionzi au vyote viwili, kisha dawa tena. Dawa, ambazo wodini kila mtu anaziita kemo, hutolewa kwa dripu, kwa kawaida kila baada ya wiki 3, au 2 pale hospitali inapomudu. Kwa Ewing ni vinkristini, doksorubisini na siklofosfamaidi, zikipokezana na ifosfamaidi na etoposaidi, hadi mizunguko 14. Doksorubisini ni nyekundu na hufanya mkojo uwe mwekundu siku ya kwanza. Hiyo si damu. Mkojo ukiwa mwekundu siku ambayo hakupata doksorubisini, hasa baada ya ifosfamaidi au siklofosfamaidi, mwite nesi haraka, kwani dawa hizo huweza kuchubua kibofu. Dripu ikivuja na ngozi ikawaka, piga kelele hapohapo hata kama ni saa nane usiku.

Kwa wanaoamini mitishamba, habari hii iwafikie: vinkristini ilitoka kwenye ua dogo la waridi la petali tano, asili yake Madagaska, ambalo watu wengi wa Tanzania wamelipanda mbele ya nyumba bila kujua. Kiasi kinachohitajika kwa mtoto ni miligramu moja au mbili tu, na kikizidi kinaua. Usichemshe ua hilo. Dawa hiyo pia hufunga choo vibaya sana na kufanya nyayo zife ganzi. Mapapai na maji ya kutosha husaidia, ila mtoto wa kemo hapigwi bomba la haja kubwa kamwe, wala hapewi dawa ya kuingiza njia hiyo.

Homa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapofia wakati saratani yenyewe imekubali dawa.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kemo, chembe nyeupe za damu, ambazo ni walinzi wa mwili, hushuka karibu na sifuri. Bakteria ambao kwa mtoto mwingine wasingeleta madhara makubwa, kwa huyu huingia kwenye damu na kumaliza kazi kwa saa chache. Dalili ya kwanza, na mara nyingi ya pekee, ni homa. Sasa fikiria mkoa wetu. Homa Kigoma ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu ananunua dawa mseto na panado, anamfunika mtoto, anasubiri asubuhi. Kwa mtoto wa kemo kusubiri asubuhi ni kuchelewa.

Nunua kipimajoto siku unayopata tarehe ya kemo ya kwanza na ujifunze kukisoma. Joto likifika 38, anza safari ya hospitali saa hiyo. Usimpe panado kwanza ili uone kama itashuka, maana itashusha namba tu na kukudanganya. Ukifika, toa barua ya daktari wa saratani na useme kwa sauti: "Huyu ni mtoto wa saratani, yuko kwenye kemo, ana homa." Anatakiwa apate antibayotiki ya mshipa ndani ya saa 1. Watampima malaria, na ni sawa, lakini kipimo kikionyesha malaria bado antibayotiki inahitajika. Mtoto aweza kuwa na vyote viwili. Asichomwe sindano ya takoni. Barua hiyo iandikwe na daktari wa Dar au Mwanza, iwe na jina la ugonjwa, tarehe ya kemo na namba ya simu ya wodi. Mimi ningetoa nakala tatu: moja mfukoni mwa mama, moja Maweni, moja kituo cha afya cha karibu.

Yafuatayo yanatokana na hilo. Kama nyumbani ni Buhingu au Kagunga, usirudi nyumbani katika wiki mbili za kwanza baada ya kila kemo. Lala kwa ndugu Mwanga, Katubuka, popote ambapo Maweni iko karibu kwa bajaji hata usiku wa manane. Boti hazitembei kwa ajili ya homa. Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama ziwa linang'aa. Kipindupindu kimetembelea mwambao huu zaidi ya mara moja. Dagaa na migebuka ale, vikiwa vimeiva vizuri na vya moto. Matunda yamenywe na wewe uliyenawa mikono. Ndugu zake wapate chanjo zao kwa ushauri wa daktari wa saratani, lakini yeye asipewe chanjo ya surua mpaka daktari huyo aruhusu.

Uvimbe ukiyeyuka

Baada ya mizunguko miwili au mitatu kinatokea kitu kinachofurahisha na chenye hatari. Uvimbe unayeyuka. Mtoto analala usiku, anakula, anacheza. Nywele hana, lakini anacheka. Babu anapiga simu kutoka Ilagala: si amepona? Mrudisheni.

Hajapona. Uvimbe uliotoweka machoni una mamilioni ya chembe zilizobaki kwenye ubavu, na mara nyingi nyingine zimetangulia mapafuni ambako hata CT haizioni. Zikiachwa, hurudi ndani ya miezi, zikiwa zimeizoea dawa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Na miongoni mwa sababu linataja kuchelewa, kukosea jina la ugonjwa, na kuacha tiba njiani. Mwaka 2018 lilijiwekea lengo la angalau 60 kati ya 100 ifikapo 2030. Kwa Ewing ambayo haijasambaa, hospitali zenye kila kitu hupata karibu watoto 7 kati ya 10 walio hai baada ya miaka 5. Iliyokwisha kusambaa wakati wa kugunduliwa, karibu 3 kati ya 10. Namba hizo ni za mahali ambako karibu kila mtoto humaliza dawa.

Ukibanwa na nauli, usipotee kimya. Piga simu wodini. Wanaotibu watoto hawa wamezoea kutafuta njia kwa anayesema, na mtu ambaye simu yake haipatikani hawana la kumfanyia.

Kisu na mionzi

Baada ya wiki 12 hivi, CT hurudiwa na madaktari huamua namna ya kuondoa kilichobaki. Robert Shamberger wa Boston na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto wenye Ewing ya kifua waliopewa dawa kwanza walifanyiwa upasuaji wenye kingo safi mara nyingi zaidi kuliko waliokatwa mwanzoni, na hivyo wachache zaidi walihitaji mionzi. Kingo safi maana yake ni kwamba ukingo wa nyama iliyokatwa hauna chembe za saratani. Majibu yanapotoka, uliza kwa maneno hayohayo kama kingo ni safi.

Daktari huondoa ubavu wenye ugonjwa, na pengine vipande vya mbavu za jirani na utando wa pafu. Pengo dogo mgongoni, chini ya bega, laweza kuachwa lijifunike lenyewe. Pengo kubwa huzibwa kwa wavu maalumu na kufunikwa kwa msuli uliogeuzwa kutoka mgongoni. Usishangae wakikataa kuweka vyuma vigumu kwa mtoto mdogo: chuma hakikui naye. Siku za mwanzo, mdai nesi dawa ya maumivu kwa saa yake. Mtoto anayeumwa havuti pumzi ndefu, na asiyevuta pumzi ndefu hupata nyumonia. Mpe puto apulize, msimamishe mapema, mfanye acheke hata kama inauma.

Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5 au 6, kila mara dakika chache tu, na mtoto mdogo aweza kuhitaji kulazwa usingizi ili asisogee. Ngozi itakuwa nyeusi na kuchubuka. Isipakwe chochote ambacho hakijatoka kwa wahudumu, hata mafuta ya mawese.

Kuna watoto ambao tiba haitawaponya, na mzazi ana haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Hapo omba huduma shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, na uulize habari za mofini ya maji. Ipo nchini, hunywewa, na mtoto mwenye saratani ya mfupa hastahili kulia usiku kucha kwa kuwa mtu fulani aliogopa jina la dawa.

Miaka inayofuata

Aliyemaliza tiba hurudi kuangaliwa kila miezi 3 kwa miaka 2 au 3 ya kwanza, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5, kisha mara moja kwa mwaka. Mapafu hupigwa picha, kwa sababu huko ndiko ugonjwa unakopenda kurudi. Sehemu ya uangalizi huu yaweza kufanyika Maweni kwa makubaliano, picha zikatumwa mbele kwa simu. Liombe hilo mapema, litakuokolea nauli nyingi.

Uti wa mgongo ndio wa kwanza kuangaliwa nyumbani. Mtoto aliyetolewa mbavu kadhaa, hasa za nyuma na akiwa mdogo, au aliyepigwa mionzi upande mmoja, mgongo wake waweza kupinda kadiri anavyorefuka. Kila baada ya miezi 3 mvue shati, mwambie ainame mbele mikono ikining'inia, nawe utazame kutoka nyuma. Upande mmoja wa mgongo ukiwa juu kuliko mwingine, mpeleke. Kipindi cha balehe ndicho kibaya zaidi, na ndicho wazazi wanachoacha kuangalia kwa sababu kijana hataki tena kuvua shati.

Moyo hudhuriwa na ile dawa nyekundu, doksorubisini, na madhara yaweza kujitokeza miaka 10 au 20 baadaye. Afanyiwe kipimo cha eko kila baada ya miaka michache maisha yake yote, na akianza kuchoka akipanda kilima alichozoea, au miguu kuvimba, asisingizie uchovu. Pafu la upande uliokatwa halitapanuka kama la mwenzake, kwa hiyo sigara ni marufuku kwake, na kazi ya kukaa kwenye kibanda cha kukaushia migebuka kwa moshi si yake. Kuogelea, mpira, kuvua, vyote anaweza jeraha likishapona, ila kubeba magunia Kibirizi kwa kutwa nzima nisingemshauri mwenye mgongo unaopinda.

Siklofosfamaidi na ifosfamaidi huweza kupunguza mbegu za kijana, na kumfanya msichana akome hedhi mapema kuliko wenzake. Si wote. Aambiwe akiwa na umri wa kuelewa, na mzazi wake, kabla hajaambiwa na watu wa mtaani. Titi la upande uliopigwa mionzi laweza lisikue sawa na lingine, na msichana huyo anatakiwa kuanza uchunguzi wa matiti akiwa na miaka 25 au miaka 8 baada ya mionzi, lolote litakalokuja baadaye. Mionzi na baadhi ya dawa huongeza pia uwezekano wa saratani nyingine. Kinundu kipya mahali pa kovu la zamani, au upungufu wa damu usio na sababu, usisubiri tarehe ya kliniki.

Shuleni, mwalimu aambiwe ugonjwa hauambukizi na kwamba nywele zitaota.

Siku ya kutoka wodini kwa mara ya mwisho, usiondoke bila karatasi moja: jina la ugonjwa, tarehe ya kuanza na kumaliza, kila dawa na jumla ya kiasi chake, hasa doksorubisini, mbavu zilizotolewa, na kiasi cha mionzi na mahali ilipopigwa. Ipige picha, itume kwa ndugu wawili, na ya asili itiwe kwenye plastiki isije ikalowa ndani ya boti. Binti aliyetibiwa akiwa na miaka 6 huenda asikumbuke chochote atakapofika kliniki ya wajawazito Ujiji akiwa na miaka 24, na mkunga ataona kovu tu ubavuni. Karatasi hiyo ndiyo itakayomfanya mkunga aagize eko ya moyo kabla ya uchungu kuanza.